Meza ya Kulia

Tumekula magotini tangu Februari,
sahani zimetulia juu ya mapaja,
maana mezani pana merikebu ya milingoti mitatu
na hairuhusiwi kusogezwa.

Mkuku wake ni mvule, kipande alichobakiza Ojwang'
wa Kariobangi alipochonga mlango wa kanisa.
Mataruma ni mbao za sanduku la chai; ukiinamisha pua
bado zinanukia Kericho.
Milingoti ni vijiti vya mishkaki. Nimevipiga msasa
hadi Kwamboka akaniuliza kama navitafuna.
Makapi ni shanga za mti, nimezifumua
kwenye mkoba wa mtumba wa Gikomba, shilingi hamsini,
mkoba wenyewe nikautupa.

Miaka thelathini na mmoja nilisimama
upande wa kushoto wa meza nyingine,
chini ya taa isiyo na kivuli,
nikitoa mkasi kabla haujaitwa.
Siku ya kustaafu walinipa blanketi na saa ya ukutani.
Vidole havikupewa kitu.
Usiku nilivikuta vinafunga mafundo
kwenye pindo la shuka, vyenyewe, kimyakimya,
kama ng'ombe wanaorudi boma lililohamishwa.

Ndipo nikanunua kamusi kuukuu
nikakuta watu wa pwani walishamaliza kuita kila kitu:
foromali, henza, jarari, dasturi.
Mimi, mtu wa Nyamira, niliyeiona bahari mara mbili,
mojawapo nikiwa na homa.
Tezi nilikuwa naijua shingoni:
tuliikata, tukaitia chupani, ikaenda maabara.
Kumbe tezi ni nyuma ya chombo.
Na mbele ni omo. Bosire akaanguka kwa kicheko:
"Nyanya! Omo si ya kufulia?"
Ndiyo, nikamwambia, na huko mbele
ndiko mawimbi yanakofulia.

Akataka kujua itaelea wapi.
Hapa Buruburu maji huja Jumanne na Ijumaa,
yakikumbuka.

Alhamisi stima ikapotea.
Nikawasha tochi ya simu, nikaipitisha pembeni,
na mwanga wa ubavuni ukanionyesha
nilichofichwa na mwanga wa juu:
henza ya mlingoti wa kati imepita upande usio wake,
na juu yake nimefunga mafundo sitini na manne.
Wiki tatu. Mafundo mazuri, bapa, ya hospitali.

Nikakaa.

Pamba tulikuwa tunazihesabu mara mbili, watu wawili,
kwa sauti, kabla ya kufunga.
Mwaka wa themanini na tisa, usiku mmoja wa foleni ndefu,
tulihesabu mara moja.
Jina lake nalijua. Halikai vizuri kwenye shairi.
Mshono ule ulikuwa safi sana,
daktari aliusifu.
Siku ya sita ndipo tulipojua, na siku ya sita
ilikuwa imechelewa.

Nikachukua mkasi uleule mdogo wenye mdomo uliopinda.
Nikakata.
Kamba zikaanguka juu ya staha bila damu,
bila mtu kuita jina langu,
na chombo kikabaki kimesimama, milingoti mitupu,
kikinisubiri kama mtu asiye na haraka.
Sikujua kwamba kuna kosa linaloweza kufumuliwa.
Sikujua, na umri huu wote.
Nililia kidogo. Si meza ya kulia?

Jumamosi wakwe wa Kwamboka wanakuja
na anataka meza yake.
Nimemwambia nao wana magoti.
Nimefika fundo la kumi na mbili.
Nahesabu kwa sauti, halafu narudia,
na Bosire, kidevu juu ya ukingo wa meza,
ameanza kuitikia namba baada yangu
bila kuagizwa na mtu.
Kumi na tatu, nasema.
Kumi na tatu, anasema,
na ndipo ninapovuta uzi.